Nililipa deni ambalo halikuwa deni

Bili ya kwanza ya umeme na gesi niliyoifungua hapa Leeds, Uingereza, ilikuwa na herufi mbili, CR, kando ya pauni 214. Nilikuwa nimehamia kwenye kifleti changu Aprili 2023, na bili zote za kabla ya hiyo zililala kwenye barua pepe bila kuguswa. Nikazisoma zile herufi kama anavyozisoma mtu aliyekulia Morogoro: krediti ni mkopo, mkopo ni deni. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sikutaka matanga yanikute ugenini, nikalipa zote 214 usiku uleule.

Mwezi uliofuata CR ikawa zaidi ya pauni 400.

Niliipigia simu kampuni nikiwa nimeshapandisha hasira. Dada aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia polepole, kama anayemwelekeza mtoto njia: hatukudai, wewe ndiye unatudai sisi. Nikamwomba arudie.

Kumbe mambo yako hivi. Kampuni inakadiria matumizi yako ya mwaka mzima, inayagawa kwa miezi 12, halafu benki inakata kiasi kilekile kila mwezi, kiangazi na masika. Mimi nilikuwa nakatwa pauni 110. Juni na Julai, hita imezimwa na jua linazama karibu saa nne usiku, nilitumia kama pauni 70. Ile tofauti haipotei, inakaa kwao ikikusubiri Januari, mwezi ambao hita hailali. CR ni akiba yako. Ukiona DR, hilo ndilo deni, na hapo ndipo matanga.

Nilipomsimulia mdogo wangu aliyeko Morogoro, alicheka hadi simu ikamwanguka. "Kwa hiyo kaka, unalipia umeme ambao hujautumia, hela wanakaa nayo wao, halafu wewe ndiye unayeogopa?" Sikuwa na jibu la maana. Yeye anaishi na LUKU, na jina lenyewe limejieleza: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unanunua kwa simu, unaletewa tokeni ya tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, uniti zinasoma. Zikikaribia kwisha mita inalia, nyumba nzima inajua. Hakuna anayekushikia fedha, na hakuna herufi za kutafsiri. (Mwaka 2024 mita zilipobadilishwa mfumo, watu walibonyeza mafungu matatu ya tarakimu 20 kwa mkupuo. Mama alimwita mtoto wa jirani, akampa na soda.)

Mwanzoni niliamini LUKU ni mfumo wa haki kuliko huu wa Waingereza, na kwa upande wa akiba bado naamini hivyo. Kati ya 2021 na 2022 zaidi ya kampuni 25 za nishati zilianguka hapa, na nyingine zilikuwa zikijiendesha kwa hizohizo akiba za wateja kama mtaji usio na riba. Wateja hawakupoteza CR zao, kwa sababu msimamizi, Ofgem, aliwahamishia kampuni nyingine pamoja na salio. Lakini gharama ya kuwaokoa ilisambazwa kwenye bili za watu wote, hata wasiowahi kuisikia hiyo kampuni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba bili inachanganya akiba na zawadi kwenye mstari mmoja. Punguzo la serikali likiingia, nalo linaandikwa CR. Nimewasikia Watanzania wenzangu wakisema kampuni fulani ina roho nzuri, imewawekea pauni 150. Wengine kweli wamepata punguzo la msimu wa baridi, ambalo ni pauni 150 tangu majira ya 2022/23. Wengine wanaishukuru kampuni kwa fedha zao wenyewe. Njia ya kujua ni moja: soma mistari ya malipo kwenye bili. Kilichotoka benki kwako ni chako. Kilichoingia bila kupita benki yako ndicho punguzo.

Tazama pia herufi iliyo kando ya namba za mita. E maana yake wamekisia, na salio lililojengwa juu ya makisio ni hewa. Tuma namba halisi kwanza, ndipo udai kurudishiwa akiba yako. Mimi hudai mwisho wa Aprili, baridi ikishapita. Ukidai Septemba watakurudishia, halafu Februari utakuwa unawatafuta kwa machozi. Na wakikwambia afadhali wapunguze makato kuliko kukurudishia, una haki ya kung'ang'ania fedha yako, labda wawe na sababu ya msingi ya kukataa.

Nyumbani punguzo limekaa kwingine kabisa, limo ndani ya bei ya uniti. Kwa viwango vya tangu Aprili 2016, nyumba inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi iko kundi la D1, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wengine wako T1, shilingi 292. Ukijumlisha makato yote, shilingi 9,150 zinamtosha mtu wa D1 kwa uniti zake zote 75. Mtu wa T1 akitoa 10,000 anapata 28. Nani hapa Uingereza anapewa punguzo la namna hiyo? Hakuna. Haliombwi, haliandikiwi barua, linakuja na tokeni.

Nilikuwa nalisifia hivyo mpaka mama alipopangisha vyumba vitatu vya uani.

Baba alipofariki mama alibaki peke yake na taa nne, redio na friji ndogo. D1 safi kabisa. Wapangaji wakaingia: fundi cherehani mwenye pasi, kijana wa bodaboda, mama mmoja na watoto wawili. Mita ni ileile moja. Matumizi yakapita 75, nyumba nzima ikahamia T1. Hakuna aliyetajirika katika ile nyumba, ila mita inawahesabu watu sita kama tajiri mmoja. Mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba nzuri na kusafiri nusu ya mwezi anaweza kubaki D1, na yule fundi anayechangia umeme chumba kwa chumba analipa karibu mara tatu kwa uniti. Isitoshe, tangu 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa kwenye LUKU, sasa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa. Kwa mama, mara nyingi alikuwa yule wa bodaboda, kwa kuwa ndiye anayerudi usiku akakuta mita inalia. Analipia kodi nyumba ambayo hata dirisha lake si lake. Nilimwambia mama amrudishie. Akasema, "Mwanangu, mbona hujawahi kuniuliza hayo miaka yote?" Alikuwa na haki.

Nami nilipaswa kuuliza mapema, maana nilishakaa upande wa yule kijana. Baridi ya 2022/23 niliishi chumba kimoja kwenye nyumba ya watu watano, kodi ya chumba ikiwa pamoja na umeme. Serikali ilimpa kila mwenye akaunti ya umeme pauni 400 kwa mafungu sita, pauni 66 Oktoba na Novemba, kisha 67 kila mwezi hadi Machi. Akaunti ilikuwa ya mwenye nyumba. Kanuni ilimtaka atushushie kiasi cha haki, ila alijibu kwamba kodi yetu ilishapangwa kwa kuzingatia hilo. Tulibishana hadi Mei. Wawili tulipata chochote kitu. Watatu walikuwa wameshahama, hakuna aliyewatafuta.

Lile la pauni 150 nalo lina mlango wake. Kuanzia baridi ya 2025/26 limepanuliwa, kaya zote zenye ruzuku za serikali za watu wa kipato cha chini zinalipata, na kwa Uingereza yenyewe na Wales nyingi zinalipata bila kuomba. Ila jina lako au la mwenzi wako liwe kwenye bili. Na sisi wenye viza iliyoandikwa kwamba hatuna haki ya fedha za umma, hizo ruzuku hatuzigusi, kwa hiyo na punguzo halitufikii. Tunalipa kodi ya mapato kama wengine. Sisemi kwa kulalamika, nasema ili mtu asikae akingoja CR ambayo haitakuja.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba huku ni bora au kwetu ni bora. Nchi zote mbili zimelifunga punguzo kwenye mita au kwenye jina la bili, na mtu wa chumba kimoja amebaki nje kote kote. Wakati wenzangu wanabishana kama LUKU ina afadhali kuliko bili, mimi najiuliza kwa nini hatuhesabu vichwa vilivyo nyuma ya mita. Uniti 75 kwa watu sita si sawa na uniti 75 kwa mtu mmoja, na hesabu hiyo haihitaji mhandisi.

Jambo moja tu nitawapa nyumbani ushindi bila ubishi. Desemba iliyopita nilifunga nyumba nikaenda likizo wiki sita. Hita imezimwa, friji imechomolewa. Nikarudi nikakuta bili, maana hapa kuna tozo ya kila siku, umeme na gesi kwa pamoja zaidi ya peni 80, uwepo usiwepo. Karibu pauni 37 kwa nyumba yenye giza. Kwetu tozo hiyo ilikuwa na ndugu yake, shilingi 5,520 kila mwezi, ikafutwa 2016.

Aprili hii nilirudishiwa pauni 180. Nikatoa kidogo nikamnunulia mama umeme kwa simu, ujumbe ukaenda kwake. Safari hii ilikuwa tarehe moja asubuhi, na mita ilikuwa haijaanza kulia. "Imekatwa 1,500," akanipigia. Nikamwambia najua, mama. Nyuma yake nikasikia pikipiki ikiwashwa uani.