Safari ya Tanga ni Mwezi wa Kumi

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba mwaka huu tunakuja Tanga mwezi wa kumi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwezi wa kumi kuna nini, mwanangu? Nani anaoa?" Nikamjibu hakuna anayeoa, wala hakuna msiba, alhamdulillahi. Tunakuja tu. "Haya, karibuni," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayesubiri kuambiwa jambo lililobaki.

Swali lake limenikaa moyoni. Sisi tunaoishi Ulaya tumewazoesha wazee wetu kwamba tunarudi kwa sababu mbili tu: Desemba au dharura. Mimi nimeishi Hamburg miaka kumi na moja, na katika safari zangu za nyumbani, moja tu ilikuwa ya Oktoba. Nyingine zote zilikuwa za Desemba, ukiondoa mbili za kuzika. Ile moja ya Oktoba ndiyo wanangu wanayoisimulia mpaka leo. Kwa hiyo naandika kuwasihi wenzangu wenye asili ya pwani, na yeyote anayepanga kuikimbia baridi inayoingia huku: nendeni Oktoba.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili cha redio na magazeti kinauita msimu huu wa Ulaya vuli. Majani yanapukutika, jaketi zinatolewa kabatini, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, jua la Hamburg linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nyumbani vuli ni mvua: zile fupi za kuanzia Oktoba hadi Desemba, zinazofuata kiangazi kirefu. Mtu akisikia "safari ya vuli" akiwa Ngamiani, mtaani kwetu mjini Tanga, anafikiria matope. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, tunaiogopa Oktoba kwa sababu ya jina la mvua ambayo mara nyingi bado haijakolea.

Mjomba wangu, aliyevua Pangani tangu ujana wake, haugawi mwaka kwa miezi. Anaugawa kwa pepo. Kusi huanza karibu na Aprili, na ikifika Juni na Julai huvuma kwa nguvu, bahari ikachafuka, vyombo vidogo vikabaki vimevutwa mchangani. Kaskazi huja mwisho wa mwaka na hukaa hadi Machi, na joto lake. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho kusi limeshachoka na kaskazi haijafika. Wako wanaokiita maleleji, wako wanaosema tanga mbili, kwa kuwa upepo unaweza kutoka huku asubuhi na jioni ukatokea kule. Wiki hizo bahari inalala. Maji yaliyotibuliwa na kusi yanatulia na kuwa maangavu, hata ukiwa juu ya ngalawa unaliona tumbawe chini na kivuli chako juu yake. Joto lipo, lakini si lile la Januari linalomfanya mtoto wa Kijerumani akae mbele ya feni siku nzima.

Na ni ndani ya wiki hizo hizo, nusu ya pili ya Oktoba, ndipo shule za Hamburg zinapofunga kwa wiki mbili. Sijui kwa nini ilinichukua miaka mingi kuziweka kalenda hizo mbili pamoja.

Lakini kuchagua mwezi ni nusu ya kazi. Pwani yetu inapangwa kwa mwezi wa angani, na hili watalii wengi hawaambiwi. Wanafika, wanakuta bahari imekwenda zake mbali, wanadhani wamedanganywa na picha. Mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, siku moja mbili baadaye tunaingia kwenye bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya karibu mita nne kati ya juu na chini. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, ambapo bahari hainyanyuki wala haishuki sana. Pwani ya kwetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ukishalijua hilo huhitaji programu ya simu. Unaangalia mbinguni.

Faida yake ni hii. Anayetaka kutembea mwambani na kina mama wanaochokoa pweza, aende bamvua, asubuhi. Anayetaka watoto waogelee karibu na ufuko asubuhi bila kufuata maji nusu kilomita, achague maji mafu. Anayependa dagaa wabichi asiende mwezi ukiwa mkubwa, kwani wavuvi wa dagaa huwavuta kwa mwanga wa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazifui dafu. Kwa Oktoba 2026 mwezi mpevu ni tarehe 26. Ukifika Tanga wiki moja kabla, unaanza na maji mafu na kumaliza na bamvua, ndani ya likizo moja.

Somo hili nililipata Maziwe. Maziwe ni kisiwa kilicho mbele ya Pangani, hifadhi ya bahari tangu 1975. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kasa wakipanda kutaga. Miti ilikufa, mchanga ukaliwa na bahari, na kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linalotokeza maji yakipwa na kumezwa maji yakijaa. Katika safari yetu ile ya Oktoba, ilikuwa bamvua, na mjomba alitutaka tuondoke Pangani kabla jua halijapanda. Tukachelewa. Mmoja hakupata kofia yake, mwingine alitaka kumaliza chapati, na mimi nikajiambia bahari haiondoki. Tulipofika ufukweni ilikuwa inakaribia saa tano. Mjomba alitazama maji, akasema, "Mmechelewa, tuache mpaka kesho." Nikashikilia twende, kwa kuwa kesho yake tulikuwa na basi la kurudi Dar es Salaam. Hakubishana nami mbele ya wanangu. Akasukuma mashua.

Tulikuta kipande cha mchanga kisichozidi ukumbi wa nyumba. Tukashuka. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alichimba shimo dogo, akaweka humo koa wa baharini aliyemwokota, akakaa kulilinda. Kila wimbi lilikuja karibu zaidi kuliko lililopita, bila haraka, bila kelele. Maji yakalifikia shimo, yakalijaza, kingo zake zikalainika na kuporomoka, na yule koa akachukuliwa. Mtoto akasimama, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu yake, akaniuliza kisiwa kinakwenda wapi. Nikamwambia kitarudi usiku. Akataka kujua kitarudi hapa hapa au mahali pengine. Mjomba ndiye aliyemjibu: kinarudi hapa hapa, lakini si mchanga ule ule. Tukapanda mashua. Tulikaa pale dakika ishirini, na tungeweza kukaa saa tatu.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo ninalolitaka kutoka likizo hizi. Mtoto wangu anajua kupanda treni ya chini ya ardhi peke yake. Nataka ajue pia kwamba yupo babu yake, ndugu wa bibi yake, anayesoma saa katika maji. Hilo Desemba halipatikani. Desemba mjomba yuko kwenye harusi, mama yuko jikoni na masufuria ya kukodi, sisi tuko kwenye foleni ya kuvalishwa sare za vitambaa. Mabasi yanayotoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi yamejaa, maana barabara ya Chalinze hadi Segera ndiyo hiyo hiyo wanayopita wanaokwenda kula sikukuu Moshi na Arusha. Unawasalimia watu mia mbili na huzungumzi na hata mmoja. Nazipenda harusi zetu, na nitaendelea kuzichangia. Ninachosema ni kwamba kumwona mzazi katika umati si sawa na kukaa naye barazani Jumanne ya kawaida, anachambua mchele, anakusimulia habari ya jirani kwa mara ya tatu.

Oktoba kila mtu yuko kwenye shughuli zake. Watoto wa ndugu zangu wako shuleni, wanarudi mchana na madaftari, na wanangu wanaona kwamba binamu zao nao wana mitihani na walimu wakali. Soko la Mgandini lina wateja wake wa kila siku. Tiketi za ndege nazo: mwaka ule tofauti ya bei na Desemba ilitosha nauli ya mtoto mmoja.

Sasa mvua, maana sitaki kumdanganya mtu. Kuna miaka vuli huingia mapema na kwa hasira. Oktoba 2019 mvua ziliukumba mkoa wa Tanga, mafuriko yakaua watu huko Handeni na Korogwe, na madaraja yakakatika. Mwaka ule upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa umepata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia umepoa, na hali hiyo ikitokea vuli yetu hunenepa. Ilijirudia 2023, ikisindikizwa na El Niño. Kwa hiyo usikate tiketi kwa imani tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, na husema mkoa kwa mkoa kama mvua zitakuwa za wastani, juu au chini ya wastani. Usome kama unavyosoma bei ya tiketi. Mwaka wa kawaida mvua za mwanzo huja kwa manyunyu na vipindi vifupi, ikanyesha alfajiri na saa tatu jua likawa limeshakausha kanga kambani.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Watoto wenye pasipoti ya Ujerumani wanahitaji viza, dola 50 kila mmoja, na ni bora kuiomba mtandaoni wiki kadhaa kabla. Atakayeongeza Zanzibar ajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje analazimika kuwa na bima ya huko, dola 44 kwa mtu mzima. Jambo ambalo sitalipita haraka ni malaria. Watoto waliozaliwa huku hawana kinga yoyote, na sisi wenyewe tuliokaa miaka mingi ile yetu imepungua. Nimewasikia watu wazima wakisema, "Mimi nimekulia Tanga, mbu wananijua." Tafadhali. Nendeni kwa daktari, chukueni dawa za kuzuia, mzimalize hata baada ya kurudi, na homa yoyote ya baada ya safari mwambieni daktari wa Ulaya mlikotoka. Asipoambiwa atadhani mafua.

Kuna watakaouliza kwa nini Tanga na si kwingine. Oktoba inafaa pwani yote, kuanzia Lamu kushuka. Kisiwani Mafia, kwa mfano, ndio mwezi ambao papa potwe wanaanza kuonekana upande wa Kilindoni, na hubaki hadi karibu Machi, wakubwa kama basi na wapole. Kama huna ndugu pwani, ningekuelekeza huko. Mimi nina mama Ngamiani.

Juzi nilimpigia tena. Safari hii hakuuliza kuna nini. Aliuliza kama wale watoto bado hawali pilipili, na kama tutalala chumba cha nyuma au aazime vitanda kwa jirani. Kisha akampa simu mjomba, aliyekuwa amekuja mjini kununua nyuzi. Nikamwambia mwezi mpevu ni tarehe 26, kwa hiyo Maziwe nafikiria tarehe 28. Akakaa kimya, nadhani alikuwa akihesabu.

"Ishirini na nane sawa," akasema. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mchangani. Chapati mtakulia chomboni."