Nani Aliyeufunga Ukumbi?

Jioni ile nilipanga viti 320 kwa ajili ya mtu aliyekuja kusema kwamba watu kama mimi turudishwe makwetu.

Ndiyo kazi yangu. Niko katika ofisi ya kumbi ya chuo kikuu kimoja cha umma huku Marekani, na huu ni mwaka wangu wa 11. Wanafunzi wakiomba ukumbi, sisi tunaangalia kama uko wazi, kisha tunaandaa vipaza sauti, taa, maji ya mgeni na kamba za foleni mlangoni. Mgeni wa jioni ile alialikwa na kikundi cha wanafunzi wasiozidi 20. Walijaza fomu ileile wanayojaza wanakwaya na wacheza sataranji, na masharti yote waliyatimiza. Asubuhi mkuu wangu alinijia taratibu akaniuliza kama ningependa kupumzika siku hiyo. Nikamwambia hapana. Nilitaka kumsikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Nilisimama nyuma, karibu na swichi za taa. Alizungumza dakika 40. Hakusema lolote ambalo sikuwahi kulisikia redioni, lakini kulisikia kutoka kwa mtu ambaye wewe mwenyewe umemtilia maji kwenye glasi ni jambo jingine kabisa. Mikono ilinitetemeka. Kisha kipaza sauti cha maswali kikawekwa katikati ya ukumbi, na wa kwanza kusimama alikuwa msichana mmoja mwembamba mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Akamuuliza idadi fulani aliyoitaja ameipata wapi. Mgeni akazungukazunguka. Msichana akarudia swali lake kwa maneno yaleyale, bila kupaza sauti. Mgeni akataja mambo mengine. Msichana akauliza mara ya tatu, na safari hii ukumbi mzima ulikuwa kimya ukingoja jibu, pamoja na wale waliomwalika. Jibu halikuja.

Usiku ule, nikiwa kitandani, sikumwaza mgeni. Niliwaza kufuli.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni kwetu Kenya, nilikuwa katibu wa chama cha midahalo. Tulimwalika wakili mmoja aje atuzungumzie ardhi: nani alipewa, nani alinyang'anywa, sheria inasema nini. Barua ya ukumbi tulikuwa nayo, imegongwa muhuri. Siku yenyewe, saa nane mchana, tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya ambalo bado lilikuwa linang'aa mafuta ya dukani. Askari aliyekuwa pale akatuambia kwa huruma, "Vijana, mimi sijui. Ni amri kutoka juu." Mkuu wa wanafunzi naye hakujua. Ofisi ya kumbi ikasema kuna ukarabati, na pale ukumbini hapakuwa na fundi wala ndoo ya rangi. Wakili alikuwa amepanda basi tangu alfajiri. Tulimkalisha kantini, tukamwomba radhi, akaondoka. Hadi leo, miaka mingi baadaye, sijui ni nani aliyeufunga ule mlango, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mhadhara wenyewe uliotupotea. Mtu mwenye jina unaweza kumwandikia, kumbishia, kumshtaki. Huyu wa "juu" unamfanya nini?

Jambo hili kwetu ni kongwe. Januari 1969 wanafunzi wa chuo kikuu cha Nairobi walimwalika Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo kiongozi wa upinzani, aje kuwahutubia. Serikali ikakataa. Wanafunzi wakasusia masomo, chuo kikafungwa. Kabla ya mwaka ule kwisha chama chake cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku na yeye mwenyewe yuko kizuizini. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kilifungwa tena, safari hii kwa zaidi ya mwaka. Waliosoma miaka ile wanajua maana ya kuzungumza huku unaangalia nani amekaa nyuma yako darasani. Sisi tuliokuja baadaye tulikuta hofu ile imeshapungua, ila tabia ya kufunga mlango bila kusema ilikuwa imebaki pale pale.

Nikiwasikia jamaa zangu wakisema Marekani kuna uhuru na nyumbani hakuna, huwa nawakatiza. Kwenye karatasi tunao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu haki ya kujieleza, ya kutafuta habari na kupokea mawazo. Cha 37 kinatupa haki ya kukusanyika. Tofauti niliyoiona kwa macho yangu ni nyingine: huku, anayekataza analazimika kujitokeza.

Chuo cha umma huku kinabanwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, yanayolinda uhuru wa kusema. Kinaweza kupanga saa, mahali na namna ya mkutano, kwa mfano kuzuia vipaza sauti vya nje wakati wa mitihani. Hakiwezi kumkatalia mgeni kwa sababu ya anachoamini, kama wageni wa vikundi vingine vya wanafunzi kinawapa ukumbi. Vyuo vya binafsi havibanwi hivyo, ingawa vingi vimejiwekea ahadi. Taarifa ya Chuo Kikuu cha Chicago ya 2015, ya kulinda uhuru wa kujieleza, ndiyo inayoigwa zaidi. Kuna na suala la ulinzi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mamlaka ya umma haiwezi kumtoza mzungumzaji ada kubwa zaidi kwa sababu tu watu watakasirika. Ndiyo maana mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Florida kilibeba gharama ya dola zipatazo 600,000 kwa ajili ya saa chache za Richard Spencer, mtetezi wa ubabe wa weupe. Hilo mimi linanikera mpaka leo. Fedha hizo zingesomesha watoto wangapi? Lakini kila nikijaribu kubuni kanuni ya kumtoza mgeni kulingana na hasira za watu, namwona wakili wetu wa ardhi akipelekewa bili asiyoweza kuilipa, na mlango umefungwa vilevile, kwa njia ya uhasibu.

Na kanuni hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1963 bunge la jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya kuwazuia wakomunisti kuzungumza katika vyuo vya umma vya jimbo hilo. Machi 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Chapel Hill wakamwalika mwanahistoria mkomunisti Herbert Aptheker. Akakatazwa kuzungumza ndani ya bewa. Basi akasimama nje, kwenye njia ya waendao kwa miguu, mbele ya ukuta mfupi wa mawe unaotenganisha chuo na mji, akawahutubia wanafunzi walioketi kwenye nyasi upande wa pili. Ukuta wenyewe mtu mzima anaweza kuukalia. Mwaka 1968 mahakama ikaifuta sheria ile. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nililia, kwa sababu chuo chetu nacho kilikuwa na ua wa michongoma upande wa barabara, na siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumsimamisha wakili wetu nje ya ua ule.

Sasa niseme na ya huku, maana sikuja kuwasifia.

Huku mlango ukishafunguliwa, kuna wanaoufunga kwa kelele. Mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Yale, William Shockley, mwanafizikia aliyegeukia nadharia za kibaguzi kuhusu akili za watu weusi, alizomewa hadi akashindwa kuzungumza. Chuo kikaunda kamati, kamati ikaandika ripoti inayosomwa mpaka sasa. Machi 2017 yakawa yaleyale katika Chuo cha Middlebury: Charles Murray, mwandishi aliyelaumiwa kwa maandishi yake kuhusu akili na rangi, alizomewa ukumbini, akahamishiwa chumba kingine, na wakati wa kutoka profesa Allison Stanger, aliyekuwa amekubali kumhoji, akavutwa na umati na kuumizwa shingo. Waliozomea walikuwa na uchungu wa kweli. Mimi ni mtu mweusi, nadharia za Shockley zinanihusu mimi na wanangu, simhitaji mtu anieleze zinavyochoma. Hata hivyo umati hauna tofauti na yule wa "juu": nao hauna jina, hautoi sababu iliyoandikwa, na hakuna pa kukata rufaa. Zaidi ya hayo unamnyamazisha yule msichana mwenye karatasi. Mgeni akizomewa anaondoka shujaa. Akiulizwa swali moja mara tatu anaondoka na swali.

Na kuna yaliyo mazito kuliko kelele. Septemba 10, 2025, Charlie Kirk, mwanaharakati wa siasa za mrengo wa kulia, alipigwa risasi akiwa anajibu maswali ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Utah Valley, akafa. Sikukubaliana naye katika mambo mengi. Siku iliyofuata ofisini hakuna aliyeweza kufanya kazi. Alikuwa amekaa hapo nje, kipaza sauti mkononi, akifanya jambo lilelile ninalolipangia viti kila wiki. Machi mwaka huohuo, mwanafunzi kutoka Uturuki alikamatwa barabarani na maafisa waliofunika nyuso, jimboni Massachusetts, baada ya kushiriki kuandika makala katika gazeti la wanafunzi. Hakushtakiwa kwa kosa lolote la jinai. Alikaa kizuizini wiki sita hadi jaji alipoamuru aachiwe. Kwa sisi wageni wa huku, habari ile ilikuwa na sauti tunayoijua. Ilikuwa ni "amri kutoka juu" kwa lafudhi nyingine, na tofauti pekee ni kwamba kulikuwa na jaji wa kuuliza amri imetoka kwa nani.

Kuna pahali naachana na Wamarekani kabisa. Wao, tangu hukumu ya 1969 iliyomhusu kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la weupe wabaguzi, wanalinda hata matamshi ya chuki, isipokuwa yakiwa yanachochea uhalifu wa papo hapo ambao kweli unaelekea kutokea. Wenzangu wa kazini wanaieleza kanuni hiyo kwa fahari. Mimi siwezi. Mapema 2008 nilikuwa nyumbani. Nilisikia neno "madoadoa", neno la kawaida tu la ng'ombe na nguo, likitumiwa kwa majirani waliotakiwa wang'olewe kwenye ardhi yao. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi. Mtu aliyelisema neno lile mkutanini hakusema "nendeni sasa hivi." Alisema tu madoadoa yaondolewe, na waliomsikia walielewa. Kwa hiyo katiba yetu inapokataa kulinda uchochezi na matamshi ya chuki, na sheria ya 2008 inapoyafanya kuwa jinai, mimi naona tulijifunza kwa damu na sitaki tuazime kanuni ya watu wengine katika hilo.

Lakini tazama inavyoweza kugeuzwa. Mhadhara wetu wa ardhi, mtu akitaka kuufunga leo, atasema unachochea. Ardhi kwetu ni moto, nani atambishia? Ndiyo maana ninasema sheria ya chuki ifanye kazi yake mahakamani, dhidi ya mtu aliyesema neno fulani, mbele ya watu fulani, siku fulani. Isifanywe kufuli la kumzuia mtu ambaye hajasema lolote bado.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa chama kile cha midahalo alinipigia. Siku hizi ni mhadhiri, na yumo katika kamati inayoandika kanuni za wageni katika chuo chao. Aliniomba nimtumie fomu yetu. Nilikaa nayo usiku mzima nikiiandika upya kwa Kiswahili, nikiondoa yasiyotufaa. Niliandika kwamba kikundi chochote cha wanafunzi kilichosajiliwa kinaweza kualika. Kwamba masharti yabandikwe ubaoni mwanzoni mwa muhula, kabla jina la mgeni yeyote halijajulikana. Kwamba gharama za ulinzi zihesabiwe kwa ukubwa wa ukumbi. Wanaompinga mgeni wapewe mahali pa kuandamana karibu, wanapoonekana na kusikika, bila kuziba mlango. Theluthi ya muda iwe ya maswali, na mgeni asiyekubali maswali asipewe ukumbi. Ombi likikataliwa, jibu litolewe kwa maandishi ndani ya siku tatu, pamoja na sababu, na chini yake jina, cheo na sahihi ya aliyekataa.

Juzi akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Dada, kamati imeyapitisha yote kwa saa moja. Tumekwama kwenye mstari wa mwisho, ule wa jina na sahihi. Tunakutana tena Alhamisi."