Mahali Pamoja, Usiku Tisa

Mama yangu huweka chupa ya mafuta ya taa nyuma ya mlango wa jikoni. Mvua zikianza tu, humwaga kidogo kidogo kuizunguka nyumba ili nyoka wasiingie. Nilipomwambia kwamba Novemba tunavuka mpaka kwenda Tanzania kutafuta nyoka na vinyonga, tena kwa pesa zetu wenyewe, alinitazama kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, hawa wa bure wa hapa Mukono wamekukosea nini?"

Hawajanikosea kitu. Hata nasema wazi kwamba Mganda anayetaka kuanza mambo haya aanzie nyumbani. Ua wa nyumba yoyote Kabale unaweza kuwa na kinyonga wa Elliot. Kule Bwindi na Rwenzori kuna kinyonga wa Johnston, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni kama mnyama wa hadithi. Wageni hulipa dola 800 za Marekani kwa kibali cha kuona gorila, wakampita huyo kwenye kichaka bila kugeuza shingo. Lakini kwetu nimetembea miaka kadhaa, na sasa roho inataka Usambara. Ninachobishania hapa ni jinsi ya kuipanga hiyo safari.

Tuko watatu: mimi, binamu yangu, na rafiki yetu mmoja mwenye gari zuri na ramani nyingi kuliko subira. Yeye kwanza alitaka Madagaska, kwa sababu karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani ziko huko. Tulipopiga hesabu ya nauli ya ndege akanyamaza. Wiki iliyofuata akaja na mpango wa Tanzania: siku 12, vituo saba. Arusha, Same, Lushoto, Amani, Tanga, Morogoro, Udzungwa, na kila kituo kina orodha yake ya wanyama wa kutiwa alama. Niliukataa palepale. Huo ni mpango wa kutafuta tembo. Tembo unamwona mchana, ukiwa umekaa garini, ukila biskuti.

Kinyonga mchana ni jani. Unaweza kusimama naye uso kwa uso usimjue. Usiku ndipo anapojisaliti, maana akilala kwenye ncha ya kijiti rangi yake hufifia, na tochi ikimpiga anang'aa mweupemweupe kati ya majani meusi. Ndiyo maana kazi hii ni ya usiku na ya miguu. Saa nzima mnaweza kumaliza mita 200 tu. Usiku wa kwanza macho bado ni ya mjini, kila jani lililogeuka unadhani ni mnyama. Kufika usiku wa tatu au wa nne mnajua kichaka kipi kina nani, na mvua ikinyesha alasiri mnajua pa kuanzia. Mwenye usiku mmoja katika kila kituo anaondoka kila mara macho yanapoanza kufunguka.

Sisemi kwa kusoma. Nimeumwa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Safari yangu ya kwanza kule niliiacha mikononi mwa kampuni moja ya utalii: vituo sita, siku kumi, mwezi wa Agosti. Agosti! Lushoto ilikuwa baridi hadi nikalala na koti. Mnyama anayepata joto lake kutoka kwa jua atatoka kufanya nini usiku wa namna ile? Zaidi ya hapo, dereva alikuwa amelipwa mpaka jioni, kwa hiyo saa mbili usiku, saa ambayo kazi ndiyo kwanza inaanza, yeye alikuwa anapiga honi turudi. Picha bora niliyorudi nayo ni ya mjusi kafiri kwenye ukuta wa gesti. Huyo hata hapahapa Kampala yuko, dada zake wako juu ya dari yangu.

Kwa hiyo safari hii ni mahali pamoja: Amani, Usambara Mashariki, usiku tisa, wakati wa vuli. Masika ingekuwa na mvua zaidi, lakini barabara ya kupanda kutoka Muheza sitaki kuionja mwezi wa Aprili. Kwa nini Amani? Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Usambara ni sehemu yake, ni kama visiwa: misitu inayonyweshwa na unyevu wa Bahari ya Hindi, huku nyanda kavu zikiutenga mlima na mlima. Mnyama mdogo aliyebaki juu hawezi kushuka akavuka, basi kila mlima umejitengenezea wake. Kuna kinyonga wa Derema mwenye pembe tatu, ambaye nataka kumlinganisha na wetu wa Bwindi. Wako wenye pembe mbili bapa puani, wa jenasi, yaani kundi la jamaa wa karibu, ambayo wanasayansi waliipa jina mwaka 2006: Kinyongia. Ndiyo, Kiswahili chetu, kikavalishwa mkia wa Kilatini. Halafu kuna wale wadogo wa ardhini, wenye sura ya jani kavu, ambao hulala kwenye vijiti vya chini karibu na goti lako. Hao peke yao wanatosha usiku tatu.

Rafiki yangu anauliza: na tukikosa? Tukikosa tutakuwa tumekosa vizuri.

Jambo linalonikaa moyoni zaidi ni la mtu wa kutuongoza. Mwongozaji rasmi wa hifadhi tutamlipa, hilo halina mjadala. Ila katika safari ile ya Agosti nilimkuta mzee mmoja kandokando ya shamba la iliki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamweleza, kwa Kiswahili changu cha Kampala ambacho kilimchekesha, kwamba tunatafuta vinyonga. Kicheko kikakatika. Akauliza: "Mnanunua?"

Nilichelewa kulielewa swali lile. Kumbe kwa miaka mingi, wageni waliopita pale wakiuliza maswali kama yangu walikuwa na mifuko ya kubebea wanyama. Mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, karibu na Morogoro, anaishi kwenye miti ya jamii ya mkadi, na wakusanyaji walikuwa wakiikata miti yenyewe ili wamfikie, auzwe Ulaya kama pambo la sebuleni. Mwaka 2016 Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka uliofuata mjusi huyo akawekwa kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hii ni sababu nyingine ya kukaa mahali pamoja. Anayelala usiku mmoja na kuuliza vinyonga wako wapi ana sura ya mnunuzi. Anayelala usiku tisa, akanunua ndizi palepale na kurudi kila asubuhi mikono mitupu, watu wanamjua ni nani. Na picha zetu hazitataja kichaka. Nitasema Usambara, basi.

Kuhusu sumu sitaki ushujaa. Katika misitu ile kuna nyoka mwembamba kama kijiti, anayekaa kimya mtini, na sumu yake haina dawa popote duniani. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kutomshika nyoka yeyote, hata anayeonekana mpole, hata kwa ajili ya picha. Gambuti miguuni, tochi ya kichwani na nyingine ya akiba, hakuna kuingiza mkono mahali jicho halijafika. Akiumwa mtu hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba: kiungo kinatulizwa na mgonjwa anapelekwa hospitali. Ipi, na ni mwendo wa saa ngapi usiku, hilo tunalipigia simu kabla ya kulipa kitanda. Rafiki yangu aliona swali hilo linaharibu raha. Binamu yangu, ambaye ni nesi, alimjibu kwa maneno ambayo sitayaandika.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Tutapita Busia, Nairobi, Namanga. Kitambulisho cha taifa kinatuvusha Kenya, lakini Tanzania wanataka pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa sababu tunatoka Uganda. Vituo sita vimefutwa kwenye ramani, kwa manung'uniko. Mama ameomba tumletee iliki. Na mwenye gari, mwenye ramani zote hizo, mpaka leo anaitafuta kadi yake ya manjano.