Diver [AIR] ya Ulysse Nardin: gramu 52 kwa dola 38,000

Saa ya kupigia mbizi ilizaliwa ili isomeke. Mwaka 1953, Robert Maloubier na Claude Riffaud, maofisa wa kikosi cha wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa, walipata kwa Blancpain, kampuni ya saa ya Uswisi, saa waliyoitaka: uso mweusi, alama nene zinazong'aa gizani, na pete ya nje inayozungushwa ili mtu ajue amekaa chini kwa dakika ngapi. Ndiyo Fifty Fathoms. Submariner ya Rolex ni ya mwaka huohuo, na kwa sura zile saa mbili zinakaribia kuwa ndugu. Hakukuwa na urembo mle. Mtu aliye ndani ya maji machafu akikosea kusoma dakika, hewa inamwishia.

Saa ya skeletoni ilizaliwa kwa nia nyingine kabisa. Fundi huondoa uso wa saa, akachonga bamba la ndani na vishikizi vya magurudumu hadi vibaki vijiti vyembamba, ili mwenye saa aone springi ikikunjuka na gurudumu la mizani likienda na kurudi. Ni kazi ya maonyesho. Kwa muda mrefu saa hizo zilikuwa za karamuni, hata tone la mvua lilikuwa la kuogopwa.

Ulysse Nardin wameamua kuoanisha vitu hivi viwili. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1846 huko Le Locle, Uswisi, na ilijijengea jina kwa kronomita za melini, yaani saa sahihi sana zilizotumiwa na mabaharia kutafuta longitudo. Mwaka 2021, katika kutimiza miaka 175, ilitoa Diver X Skeleton: kipenyo cha milimita 44, kasha la titaniamu, kuhimili maji hadi mita 200, nakala 175 tu. Aprili 2025 huko Geneva ikaja Diver [AIR], ambayo kampuni inaitangaza kuwa saa nyepesi kuliko zote za mitambo za kupigia mbizi. Pamoja na mkanda wake ina gramu 52. Ilipozinduliwa, bei ilikuwa takriban dola 38,000 za Marekani.

Swali la kwanza la mkusanyaji yeyote ni kama uchongaji huu una kazi au ni pambo. Kwa Diver X Skeleton, jibu langu ni pambo, tena zuri. Mtambo wake, UN-372, una kishikizi cha mstatili na umbo la X linaloonekana kutoka mbali, lakini ukiuziba kwa uso wa kawaida saa haitapoteza chochote ila sura. Kwa Diver [AIR] mambo ni tofauti. Hapa kila kilichoondolewa kimeondolewa ili kupunguza uzito. Mtambo wa UN-374 umetengenezwa kwa titaniamu badala ya shaba ya manjano (brass) iliyozoeleka, na uzito wake ni takriban gramu 7. Kilichobaki kimepangwa kwa pembetatu, umbo ambalo mjenzi yeyote wa paa analijua kwa kutopinda.

Ugumu wenyewe haupo hapo tu. Kupunguza uzito wa saa ya kawaida ni kazi ndogo: punguza kasha, punguza kioo, umemaliza. Saa ya mita 200 inatakiwa kuhimili shinikizo la karibu angahewa 20 juu ya lile la nchi kavu, maana kila mita 10 za maji ya bahari huongeza angahewa moja. Kioo cha yakuti samawi ni kizito na kinahitaji unene, kasha linataka ukuta, na kifuniko cha nyuma nacho hapa ni kioo. Kuyabakiza yote hayo na bado ukashuka hadi gramu 52 si mzaha. Submariner ya chuma ya leo, pamoja na mkanda wake, inazidi gramu 150. Kweli, ulinganisho huo una hila kidogo, kwa sababu mkanda wa chuma peke yake unabeba sehemu kubwa ya uzito huo wakati Diver [AIR] inavalishwa kitambaa kinachovutika. Hata hivyo tofauti inabaki kubwa.

Kasha lina titaniamu iliyorejelezwa, na mbavu zake zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa nailoni ya nyavu kuukuu za wavuvi na nyuzi za kaboni. Kampuni inalipigia debe sana jambo hili. Nyavu zilizotelekezwa baharini ni tatizo la kweli, na mvuvi yeyote wa pwani atakwambia; lakini saa ya dola 38,000 haiokoi bahari, na mbavu zile mbili ndogo zinatumia nyavu kiasi cha kiganja. Nailoni hiyo ingetajwa kama malighafi nyepesi nzuri, ikaishia hapo.

Upande wa pili una hoja nzito, na ya kwanza ni usomaji. Kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ISO 6425, hakitaki kuhimili maji tu. Kinataka muda usomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na pawepo ishara inayoonyesha saa inatembea. Saa isiyo na uso inaweka mishale juu ya msitu wa magurudumu yanayometameta. Ulysse Nardin wamejitahidi kwa mishale minene na rangi ya kung'aa, na penye mwanga wa kutosha jicho huzoea. Nikitazama harakaharaka bado napendelea uso mweusi wa mwaka 1953, na sidhani kama kuna mhandisi atakayenishawishi vingine.

Wanaoitetea hujibu kwamba hakuna anayeshuka na saa kama hii kwa kuitegemea. Ni kweli. Tangu miaka ya 1980 kompyuta ya kupigia mbizi inayovaliwa mkononi ndiyo inayohesabu kina, muda na nitrojeni mwilini, na wapiga mbizi wa starehe hawavuki mita 40 kwa kawaida. Lakini jibu hilo linakata pande zote mbili: kama saa haiendi chini, mita 200 ni za nini? Zinabaki na maana moja ninayoiheshimu, kwamba unaweza kuogelea, kuanguka kwenye jetski au kunyeshewa bila kuivua. Skeletoni nyingi hazikupi uhuru huo.

Hoja ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, nayo ni matengenezo. Ulysse Nardin walikuwa wa kwanza kutumia silikoni (ile ya chipu za kompyuta, si ya mpira) ndani ya saa, katika saa yao ya Freak ya mwaka 2001. Silikoni haishikwi na sumaku, haihitaji mafuta kama chuma na ni nyepesi. Ila haipindi, inavunjika. Fundi saa hodari wa Mombasa au Kariakoo anaweza kuchonga kipuri cha saa ya zamani kwa tupa, lakini cha silikoni hawezi. Lazima kitoke kiwandani, maana yake miaka 30 ijayo saa yako inategemea uhai wa kampuni moja. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya Kering, kundi kubwa la Ufaransa la bidhaa za kifahari, tangu mwaka 2014, na mwaka 2022 ikauzwa kwa uongozi wake wenyewe kupitia Sowind, kundi linalomiliki pia kampuni ya saa ya Girard-Perregaux. Wengine wanaona uhuru huo ni heri. Mimi naona pia kwamba mfuko mkubwa uliokuwa nyuma yake haupo tena.

Kuhusu kuuza tena, nitakuwa mfupi. Nje ya Rolex, Patek Philippe, Audemars Piguet na wachache wengine, saa nyingi za kifahari hushuka bei mara zinapotoka dukani, na Ulysse Nardin haijawahi kuwa kinga ya hilo. Anayenunua kwa kutarajia faida atafute kitu kingine.

Kwa anayetaka kuivaa, msimamo wangu ni huu: kati ya skeletoni hizi mbili, Diver [AIR] ndiyo yenye hoja, kwa kuwa utupu wake una kazi. Lakini Diver X Skeleton iliyokwisha kutumika, ikiwa na karatasi zake, huenda ikakupa sehemu kubwa ya raha hiyo kwa pesa pungufu sana, na mtambo wake, springi ikiwa imekazwa yote, unatunza mwendo kwa saa 96 dhidi ya 90 za mwenzake. Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kulipa muulize muuzaji saa itapelekwa wapi kubadilishiwa mipira ya kuzuia maji na kupimwa shinikizo, itakaa huko miezi mingapi, na nani atalipia usafiri na bima.