Bergþórshvoll haidaiwi majivu

Kila ninaposoma habari za maeneo yanayotajwa katika saga za Iceland, yaani masimulizi yake ya kale, nakuta swali lilelile: wanaakiolojia wamethibitisha? Kwa maoni yangu, swali hilo tumelipa uzito kupita kiasi.

Bergþórshvoll ni shamba lililo kusini mwa nchi. Saga ya Njáll inasimulia kwamba Flosi, adui wa wana wa Njáll mwenye shamba hilo, pamoja na watu wapatao mia moja walilizingira, wakaitia nyumba moto. Njáll aliruhusiwa kutoka, akakataa: alikuwa mzee, hana nguvu za kuwalipizia kisasi wanawe, na hakutaka kuishi kwa aibu. Mkewe Bergþóra naye aliruhusiwa. Akajibu kwamba aliolewa na Njáll angali kijana, na alimwahidi kuwa litakalompata mmoja litawapata wote wawili. Wakajilaza kitandani, mjukuu wao Þórður katikati, wakafunikwa ngozi ya ng'ombe.

Tukio hilo huwekwa karibu na mwaka 1010, na saga iliandikwa mnamo 1280. Mwaka 1951 walichimba hapo watafiti akiwemo Kristján Eldjárn, ambaye baadaye alikuwa rais wa Iceland. Walikuta mabaki ya jengo lililoungua, ila yaelekea lilikuwa banda, si nyumba ya kuishi. Kuna wanaoshangilia ugunduzi huo na kuna wanaoubeza. Mimi nauliza: Bergþóra amepungukiwa nini?

Siudharau uchimbaji hata kidogo. Watafiti wa Norwe, Helge na mkewe Anne Stine Ingstad, walizifuata saga hadi L'Anse aux Meadows, Kanada, mwaka 1960, na leo tunajua kuwa Wanorsi, watu wa kale wa Skandinavia, walikata miti pale mwaka 1021. Hapo ardhi iliulizwa swali inaloweza kulijibu.

Lakini Hlíðarendi, shamba la Gunnar katika saga hiyohiyo ya Njáll, utachimba nini? Gunnar amehukumiwa kwenda uhamishoni miaka mitatu, yuko njiani kuelekea melini, farasi wake anajikwaa. Anaruka chini, anageuka na kuutazama mteremko wa kwao, mashamba na nyasi zilizofyekwa, na kusema haujawahi kumpendeza kiasi hicho. Anarudi nyumbani akijua sheria haimlindi tena. Maadui zake wanamuua. Mteremko upo hadi leo, na huo ndio ushahidi wote ninaouhitaji.

Ningepewa nafasi ya kuandika mabango ya maeneo haya, maneno ya saga yangetangulia, taarifa za uchimbaji zikafuata chini yake. Na anayepanga safari ya huko asome kwanza sura ya 75 na ya 129 za Saga ya Njáll.