Bata wa Harusi na Maji ya Jirani

Jamani, mimi sina ugomvi na mtu anayekumbuka Contra, ile gemu ya zamani ya makomando. Aikumbuke, ni haki yake. Lakini nimechoka. Kila nikikaa kijiweni, kahawa haijapoa, mtu ameshaanza: "Mnaikumbuka Contra?" Basi hapo kila mwenye kitambi anageuka komando. Kila mmoja aliimaliza. Kila mmoja aliijua ile siri ya kubonyeza juu juu, chini chini, ya kupata maisha 30. Ukiwasikiliza, hata wale waliokuwa kijijini kusiko na umeme mpaka juzi nao waliimaliza. Mimi najiuliza, sasa nani alikuwa anafia pale darajani, daraja linapolipuka? Maana mimi nilifia pale mpaka daraja likanizoea.

Wiki iliyopita nikasema liwalo na liwe. Nikauliza: "Na wale bata wawili wa harusi, mnawakumbuka?"

Kimya. Hata muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

"Bata gani?"

"Wale wawili. Unabonyeza kulia, mmoja anakwenda kulia, mwenzake anakwenda kushoto. Halafu juu, katikati, kuna moyo umefungiwa."

Wakatazamana. Mzee mmoja mstaarabu sana akanisogezea kashata, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Leo umekula?"

Ngoja nieleze mapema, kabla na nyinyi hamjaniitia mtu wa kunisomea dua.

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tano, Temeke. Nyuma ya saluni moja kulikuwa na banda la gemu: mabati, benchi mbili, tivii ya kichogo ya inchi 14, na joto la kuivisha maembe. Mwenye banda jina lake hatukulijua, tulimwita Mwenyewe tu. Sheria yake ilikuwa fupi. Unatoa sarafu ya hamsini, ile yenye faru, unapewa pedi ya kuchezea, ukifa unampisha mwenzio. Hakuna dakika, hakuna rufaa. Sasa mimi kwenye Contra nilikuwa natoka nyumbani robo saa kwa miguu, nacheza dakika moja na nusu, narudi robo saa kwa miguu. Ile gemu ya vifaru vya vita ndiyo usiseme. Yule tai tuliyetakiwa kumlinda, ambaye sisi tulimwita kuku, nilikuwa nampiga risasi mwenyewe, kwa mkono wangu, halafu nageuka kuangalia nani kafanya.

Kilichoniokoa ni pumzi. Zile kaseti za gemu zilikuwa zinagoma. Unachomeka, tivii inatoa mistari kama kitenge kilichochuja, basi lazima ichomolewe ipulizwe. Wenzangu walipuliza kwa mate. Mimi nilipuliza kavu, kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenyewe akaniona kijana wa maana, akanipa kazi: mchana wa jua kali, banda likiwa tupu, nije nipulize kaseti zote nizijaribu moja moja. Malipo yake, naruhusiwa kucheza, lakini gemu za chini kwenye orodha tu. Contra na vifaru ni za wateja.

Hiyo orodha nayo ilikuwa utapeli wa kimataifa. Kaseti imeandikwa kwa nje 9999999, yaani gemu karibu milioni kumi. Unawasha, unaona ufukwe na ndege wa baharini wanapepea, muziki wa kubembeleza, unasema leo nitazeekea hapa. Unateremka kidogo tu, gemu zinaanza kujirudia. Mario yule yule, safari hii anaanzia mbele kidogo, basi wamemhesabu mtu mpya. Lakini katikati ya hizo milioni za uongo kulikuwa na vitu ambavyo hakuna mtu aliyevifungua isipokuwa mimi, mpulizaji.

Kulikuwa na mmoja wa pinki, kama andazi lililozidiwa hamira. Anakusanya matunda, anapita kwenye kamba, anatumbukia majini, akiyamaliza matunda anamwendea mchumba wake. Juzi ndiyo nimejua kwamba gemu inaitwa Nuts & Milk, ya Hudson Soft, 1984, na ni miongoni mwa gemu za kwanza kabisa kutengenezwa na kampuni ya nje kwa ajili ya mashine ya Nintendo. Sawa, hongera zao. Lakini huyo bwana anaitwa Milk, na mchumba anaitwa Yogurt. Yaani Maziwa kaenda kumposa Mtindi. Huyo si mwanao kabisa? Ndoa hiyo shehe gani anaifungisha?

Kulikuwa na bata mwingine, huyu peke yake, anakimbia kwenye barafu. Anaruka mashimo, anadaka samaki, na kila akikaribia shimo anachungulia sili kama mpangaji anayesikia hatua za mwenye nyumba. Akifika kituoni, bendera inapandishwa, karibu kila kituo na nchi yake. Antarctic Adventure, ya Konami. Mimi bendera ya Ufaransa na ya Australia nimezijulia pale. Siku mwalimu wa jiografia alipouliza nani anaweza kutueleza kuhusu Antaktika, nilinyanyuka kwa kujiamini nikasema ni sehemu yenye mashimo mengi na samaki wanaoruka, na mataifa makubwa yamejenga vituo huko. Nikachapwa viboko viwili. Sasa ya vituo si kweli? Basi angepunguza kimoja.

Lakini ukinishika koo uniambie nichague moja, nachagua wale bata wa harusi.

Hebu sikilizeni. Wako wawili, mume na mke, na sisi tukasema wamevaa suti. Katikati yao pana ukuta. Pedi ni moja. Ukipeleka juu, wote wanapanda. Ukipeleka kulia, mmoja anatii, mwenzake anakwenda kinyume, kama amejiona kwenye kioo. Na njia za huku hazifanani na za kule. Kwa hiyo huyu anatembea vizuri, yule anagonga ukuta na kusugua miguu. Unamsubiri. Ukimsubiri, unamharibia huyu. Shabaha ni wafike juu kwa pamoja, mmoja kulia kwa moyo na mwingine kushoto. Akitangulia mmoja, hakuna kitu, moyo unamtazama tu.

Halafu kuna buibui. Wameweka tando. Bata akiingia kwenye utando ananasa, anabaki anapapatika, na hapo mwenzake ndiyo inabidi azunguke njia yote, aje ampulizie dawa. Wana dawa ya kupuliza, wallahi, kama hii ya mbu. Wakinasa wote wawili, hakuna wa kumwita jirani, mmekwisha. Ubongo wangu wa darasa la tano ulikuwa unachemka. Nilikuwa najipindua kwenye benchi, bega moja huku, bega moja kule, mpaka Mwenyewe akaniuliza kama nina minyoo.

Banda lilifungwa, pakawa duka la vipodozi, na mimi nikabaki na bata wangu kichwani. Miaka yote hii sikupata mtu wa kuwaeleza. Nimeoa, nimemweleza mke wangu. Akasema: "Baba watoto, watu wa umri wako wanakumbuka viwanja walivyouza wakajuta. Wewe unakumbuka bata."

Baada ya ile aibu ya kijiweni nilirudi nyumbani nikajiunga bando la usiku, nikaandika kwenye simu: gemu ya bata wawili wa harusi. Simu ikaniletea kumbi za sherehe, mapambo, na mapishi ya bata kwa nazi. Nikaandika tena: bata wana moyo. Ikaniletea madaktari. Bando likaisha nikiwa nasoma bei ya keki ya tabaka tatu.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, akanihurumia. Nikamweleza, akabonyeza bonyeza, dakika mbili.

"Mjomba, hawa si bata. Hawa ni pengwini."

"Endelea."

"Gemu inaitwa Binary Land. Hudson Soft, 1985. Mmoja anaitwa Gurin, mwingine Malon."

Binary Land! Jina kama somo la kufeli chuoni. Mimi miaka yote nimewatunza kwa jina la heshima, kumbe wenyewe waliitwa hivyo. Na hakuishia hapo, akaendelea kunibomolea. Ile mashine yetu, anasema, ilikuwa nakala ya Family Computer, ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983. Ile ya Kijapani haikuwa na kufuli la ndani la kukataa kaseti za watu. Kufuli waliliweka kwenye ile waliyoipeleka Marekani, na hata kaseti zake zina pini 72 za kuchomekea wakati za Kijapani zina 60. Kwa hiyo mafundi wa Taiwani na China wakaiga ile ya Kijapani, wakaiga na kaseti zake, wakajaza gemu za zamani za Japani ambazo nyingine hata Marekani hazikufika, wakazitawanya duniani kwa bei chee. Zikafika Temeke.

"Kwa hiyo mjomba," akasema, "ulikuwa unacheza feki."

Utoto wangu wote, ndugu zangu. Feki.

Akaijaribu mwenyewe kwenye simu. Akauliza mbona haina misheni. Akauliza mtandaoni unacheza na nani. Nikamwambia hapa unacheza huku kuna mtu nyuma yako ana sarafu mkononi anakuombea ufe. Akanasa kwenye utando wa kwanza, akanirudishia simu.

Sasa hapo ndipo tunapofika kwa jirani.

Nina jirani upande wa nyuma. Maji ya bafuni kwake yanapita uani kwangu. Huu mwaka wa pili. Yana povu, yana harufu ya sabuni ya magadi, na yana ratiba, saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku. Tumefikishana kwa mjumbe mara tatu. Nikimwona barabarani nasalimia ukuta. Watoto wetu wanacheza pamoja, sisi hatujuani.

Jumapili tukaitwa mara ya nne. Mjumbe yuko kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, sisi kila mtu na benchi lake. Mimi nimejiandaa, nina picha 14 za povu. Jirani akapewa nafasi ya kwanza. Akasimama, akakunja mikono ya shati.

"Mheshimiwa mjumbe, mimi na huyu bwana hatuwezani. Nikisema mtaro upite kulia, yeye anasema kushoto. Nikikubali kushoto, yeye amehamia kulia. Yaani tuko kama wale ndege wawili wa kwenye ile gemu ya zamani... ah, basi, hamuwezi kuijua."

Moyo wangu ukapiga pa! Nikasimama bila ruhusa.

"Ina buibui?"

Mjumbe akadhani ni tusi. "Keti chini, tuheshimiane!"

Lakini jirani ameshageuka. Miaka miwili hajanitazama usoni. "Wana utando," akasema.

"Mmoja akinasa..."

"...mwenzake anakuja kumpulizia dawa!"

"Na moyo uko juu..."

"...katikati, na mfike pamoja!"

Mjumbe akafunga daftari taratibu. Alituambia tukishapona turudi.

Kumbe jirani yangu amekulia Tanga, na huko kwao nako kulikuwa na banda, na yeye alikuwa ndiye mchomekaji wa nyaya. Nikampa mkono. Tulikaa kwenye kizingiti chake saa nzima, mke wake akatuletea chai ya tangawizi, nami nikainywa, mimi niliyeapa kutokunywa hata maji ya nyumba ile. Ikawa ile ya barafu? Anaijua. Andazi la pinki? Analijua, yeye alimwita Boflo. Nikataka kulia.

Mpaka akaharibu. Akasema wale ndege kwao Tanga waliitwa Mapacha.

"Mapacha? Wale ni maharusi, wewe!"

"Maharusi gani wamefanana vile? Ni ndugu."

"Ndugu wanautafuta moyo wa nini?"

"Wa mama yao!"

Tukanyanyuka. Sauti zikapanda. Mke wake akaja kuchukua vikombe kabla havijapasuka. Nikamwambia nina ushahidi, mpwa wangu atakuleta kwenye haki, gemu yenyewe ninayo kwenye simu. Akasema hebu ilete. Nikaileta. Hilo lilikuwa kosa la kisheria, maana tangu siku hiyo simu yangu inalala kwake.

Jana usiku nikasikia mlango wa nyuma unagongwa. Saa mbili kamili. Nikafungua kwa hasira, nikatoka na ndala, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo, povu tupu, vuguvugu, ndiyo kwanza yanatoka bafuni kwake. Yeye kasimama juu ya tofali, mkavu, uso unawaka kwa mwanga wa simu yangu, anajipinda bega huku, bega kule.

"Jirani," nikamwambia, "haya maji je?"

Akaninyooshea kiganja bila kuinua macho.

"Subiri kwanza, huyu wa kushoto amenasa."