Sarafu za Wilhelmina: zilipigwa kwa faida ya nani?

Mwaka 1943 kiwanda cha Denver, Marekani, kilipiga gulden (sarafu ya Uholanzi) milioni 20 za madini ya fedha, na vipande vingine milioni 2 vya gulden mbili na nusu. Vyote vilibeba sura ya Malkia Wilhelmina wa Uholanzi na vilikusudiwa kutumika Indonesia, koloni la Uholanzi lililokuwa mikononi mwa Wajapani tangu Machi 1942. Uholanzi nayo ilikaliwa na Wajerumani, na malkia alikuwa uhamishoni London.

Wanaozitetea sarafu hizo wana hoja nzito. Noti za jeshi la Japani zilichapishwa ovyo hadi zikakosa thamani, na mkulima wa kisiwa cha Java huko Indonesia aliyelazimishwa kutoa mpunga wake akabaki na makaratasi. Gulden moja ilikuwa na gramu 10, asilimia 72 fedha halisi. Atawale nani, thamani hiyo inabaki; mtu aliweza kuifukia ardhini na kuifukua vita vikiisha. Kwa watu walioshinda na njaa, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo siamini kwamba ulikuwa wema mtupu. Tazama maandishi ya sarafu hizo. Robo gulden, ambazo nazo zilipigwa Marekani miaka hiyo, zilikuwa na Kimalei kwa herufi za Kiarabu (kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili) pamoja na maandishi ya Kijava. Gulden ya 1943 ilikuwa ya Kiholanzi tupu, ileile iliyotumika Amsterdam. Desemba 1942 malkia aliahidi kwamba baada ya vita makoloni yatakuwa na ubia mpya na Uholanzi. Katika sarafu iliyopigwa mwaka uliofuata, ubia huo siuoni popote.

Sukarno na Hatta, viongozi wa Indonesia, walitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, na kuanzia hapo kugombea pesa kukawa kugombea nchi. Machi 1946 Waholanzi walileta Java noti zenye sura ya malkia yuleyule, wakabadilisha kila rupia 100 za Kijapani kwa 3 za noti hizo. Oktoba mwaka huo Jamhuri ya Indonesia ikatoa rupia yake ya karatasi. Haikuwa na madini ya fedha ndani yake, na thamani yake iliporomoka haraka, lakini wananchi wengi waliipokea kwa sababu ilikuwa yao. Hapo ndipo hoja ya watetezi inaponiishia: madini bora yalimlindia mtu akiba yake, hayakumpa Wilhelmina idhini ya kurudi kutawala.